Kwa nini Mtumbwi wa Lualaba hauna Mbawa?

Ulizo tunalotaka kulijibu leo hatukulitunga sisi. Tuliletewa na dereva mmoja wa hapa Kolwezi, mmoja wa wale wanaopeleka shaba Dar es Salaam kwa malori na kurudi na mizigo ya madukani. Jumapili moja baada ya Misa alitoa simu yake mfukoni, akatuonyesha picha aliyoipiga ufukoni siku alipokuwa akingoja zamu yake ya kuingia bandarini. Ilikuwa picha ya chombo kidogo cha wavuvi. Kilikuwa gogo lililochongwa kama mitumbwi yetu, ila kila ubavu ulitokeza miti, na kwenye ncha za miti hiyo ulifungwa ubao, kuume ubao na kushoto ubao, mfano wa ndege aliyekunjua mbawa zake juu ya maji. Ndani yake alikaa mtu mmoja tu mwenye kafi, na nyuma yake bahari ilikuwa nyeupe kwa povu.

Dereva akasema: “Watu hawa ndio waliotuletea Kiswahili. Mbona hawakutuletea na mbawa hizi? Mdogo wangu angalikuwa hai.”

Habari ya mdogo wake tuliijua. Alikuwa mvuvi wa ziwa la Nzilo. Alasiri moja alikuwa akirudi peke yake, upepo ukimsukuma mgongoni. Watu waliokuwa ukingoni walimwona vizuri, wakafurahi, maana walidhani anakuja upesi kwa kuwa upepo unamsaidia. Kisha hawakumwona tena.

Basi tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza wavuvi na kusoma habari za wasafiri wa zamani. Tutawasimulia tuliyoyapata.

Mtu asiyezoea maji hufikiri kwamba adui wa mpiga kafi ni upepo wa mbele. Kweli, upepo wa mbele unachosha mikono, lakini mtu huliona kila wimbi kabla halijamfikia, na mtumbwi hulikabili kwa omo yake. Upepo wa nyuma ndio mdanganyifu. Wimbi hutoka mgongoni usikoona, huinua tezi, na omo huinama kama mtu anayeteremka mlima. Hapo chombo hupata mbio ambazo mkono wa mtu hauwezi kuzitoa, na mpiga kafi hucheka moyoni. Lakini omo ikichoma ndani ya wimbi lililotangulia, mbele panasimama na nyuma pangali panasukumwa. Mtumbwi hugeuka, hukaa kiubavuubavu, na wimbi la pili hulikuta gogo la mviringo ambalo halina kitu cha kulizuia lisibingirike. Yote hayo hutokea upesi kuliko tulivyoyaandika.

Wenye ujuzi hawashuki na wimbi moja kwa moja. Hulikata mshazari. Tezi inapoanza kuinuka, hupiga kafi kwa nguvu mara tatu au nne ili waende mbio sawa na wimbi. Kisha huacha kupiga, hulaza kafi nyuma liwe kama usukani, hutulia. Wimbi likiwapita hawalikimbilii, bali hungoja jingine. Kazi yote ni kuchagua: hili nitalipanda, hili nitaliacha lipite. Nako kuchagua huku ni kugumu zaidi kwa mtu aliye peke yake, kwa sababu hana wa kumshikia usukani huku yeye anafua maji yaliyoingia. Akiacha kafi ili afue maji, mtumbwi hukaa ubavu; asipofua, mtumbwi huzidi kuwa mzito na omo huzidi kuchoma. Mzee mmoja wa Nzilo alituambia kwamba katika hali hiyo yeye hufua kwa mkono mmoja na kuomba kwa mdomo.

Sasa tuitazame ile ngalawa, maana ndilo jina la chombo cha pwani chenye mbawa. Gogo lake mara nyingi ni la mwembe, jembamba sana. Bila mbawa lisingeweza kubeba tanga hata kidogo. Bao zile mbili za pembeni, ambazo watu wa pwani huziita ndubi, hazikulazwa wala hazikusimamishwa wima. Zimeinamishwa kidogo ili zikanyage maji. Chombo kikitaka kulala upande mmoja, ubao wa upande ule huyasukuma maji na maji huurudisha juu, na wakati huohuo ubao wa upande wa pili hulemea kwa uzito wake. Hivyo gogo linalotaka kubingirika linakatazwa pande zote mbili. Lakini tusidhani kwamba ngalawa haina hatari. Ubao ukizama kabisa wakati chombo kina mbio, hushika maji kama nanga na kukigeuza chombo kwa nguvu; na kamba zikikatika, basi limebaki gogo jembamba kuliko la kwetu.

Mbawa hizo zina historia ndefu. Watu wa Bukini, yaani Madagaska, husema lugha ambayo ndugu zake hawako Afrika. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, Mnorwe aliyekuwa mmisionari kisiwani humo, alitoa kitabu akaonyesha kwamba Kimalagasi kina ndugu wa karibu katika kisiwa cha Borneo, ng’ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, mwendo wa zaidi ya kilometa 6,000. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa visiwa vile walivuka bahari wakafika upande wetu. Naye Mwingereza James Hornell, aliyetumia maisha yake kuchunguza vyombo vya baharini, alizilinganisha ngalawa zetu za Afrika na vyombo vya visiwa vile, akaona kwamba asili yake ni huko. Siku hizi ngalawa zaonekana tangu Lamu mpaka Msumbiji na visiwa vya Ngazija. Huko Bukini magharibi wavuvi hutumia chombo chenye mbawa moja tu. Vilevile watu wa visiwa vya Pasifiki: ndugu hao wa mbali walichukua mbawa zao kuelekea mashariki, na mwaka 1952 wenyeji wa Hawaii walianza kushindana kupiga kafi kutoka kisiwa cha Molokai mpaka Oahu, wakivuka mlango wa bahari wenye upana wa kilometa 42 hivi, upepo na mawimbi vikiwasukuma. Siku hizi wako wanaovuka kila mtu katika chombo chake, peke yake, mbawa moja upande wa kushoto. Kwao ni mchezo. Mchezo mgumu, lakini nyuma yao ziko mashua za kuwaokoa.

Ikiwa mbawa hizo zilivuka bahari kubwa kiasi hicho, kwa nini zilishindwa kuvuka nchi kavu mpaka Lualaba? Hapo ndipo ulizo la dereva linapotupeleka.

Kwanza tukumbuke waliokuja huku ni nani. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na watu wa pwani ilipanda kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Njia ilikuwa ya miguu, zaidi ya kilometa 1,000, kila mpagazi na mzigo wake wa nguo, shanga au waya, na wakati wa kurudi pembe za ndovu. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, watu wa bara. Msiri mwenyewe, aliyefika nchi yetu ya Katanga mnamo mwaka 1856 na kuitawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alitoka upande wa Unyamwezi. Watu hao walikuja na lugha vinywani mwao, kwa sababu lugha haina uzito na biashara haifanyiki bila lugha. Lakini wachonga ngalawa walikuwa wavuvi wa Unguja, Mafia na Kilwa, nao hawakuwa na haja ya kuja. Samaki wao walikuwa kule kule. Maneno husafiri na mfanyabiashara. Chombo hukaa na mvuvi. Hili ndilo jibu letu la kwanza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa.

Walipofika kwenye maji ya bara, watu wa misafara walitumia vyombo walivyovikuta. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walipanda mitumbwi ya magogo ya wenyeji, na Speke akavuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la Mwarabu mmoja ili walikodi. Katika habari zao twaona mitumbwi, twaona jahazi, ngalawa hatuioni. Ziwa Tanganyika lina mawimbi ya kutosha kumtia hofu hata baharia, hasa wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapovuma. Mbawa zingefaa huko, lakini aliyezijua hakuwako.

Upande wa Lualaba mambo yalikuwa mabaya zaidi, wala si kwa sababu ya mawimbi. David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akitaka mtumbwi wa kumshusha mtoni ili ajue kama Lualaba ni Nile au sivyo. Miezi ikapita wasimpe. Wenyeji waliwaogopa watu wa bunduki, na waliona mgeni huyu anaishi kati yao. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wanawake walikimbilia mitumbwi yao iliyojaa katika hori nyembamba. Mitumbwi ikagongana, ikazibana njia, mingine ikazama kwa wingi wa watu. Wengi walijitupa mtoni wakiogelea kukielekea kisiwa cha mbali, na Livingstone aliona vichwa vyao vikipotea kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tumeandika habari hii kwa sababu ni ya mitumbwi ya Lualaba pia. Tena ukumbusho kwamba pamoja na lugha tunayoiandika hapa yalikuja na mengine.

Aliyepata mitumbwi ni Stanley, mwaka 1876, kwa msaada wa Tippu Tip. Walipoagana mwishoni mwa Desemba mwaka ule, Stanley alishuka mto na watu 149 katika vyombo 23, mashua yake Lady Alice ikitangulia. Hapa pana jambo lililotufurahisha sana tulipolisoma. Wengi wa watu wake waliogopa mtumbwi wa gogo, maana hawakuwa mabaharia. Basi mitumbwi ilifungwa miwili miwili kwa miti mizito iliyolazwa juu, ili mmoja umzuie mwenzake asipinduke. Mbawa si kitu kingine ila hicho: mtumbwi wa pili uliopunguzwa ukawa ubao. Kumbe kwa muda mfupi, huku Lualaba, wazo la ngalawa lilikaribia kuzaliwa upya kwa sababu ya hofu tu.

Mwenye usukani wa Lady Alice alikuwa mtu wa Unguja, jina lake Uledi. Mwaka 1875 aliizunguka Nyanza katika mashua ile. Kule Bumbire wenyeji waliwanyang’anya makasia yao, nao walipoponyoka waling’oa mbao za ndani ya mashua wakazitumia kama kafi katika maji machafuko. Januari 1877, katika maporomoko yaliyo juu ya Kisangani ya sasa, mtumbwi mmoja ulivunjika, na mtu aitwaye Zaidi akabaki ameng’ang’ania mwamba ukingoni mwa maporomoko. Uledi na mwenzake Marzuku walikubali kushushwa kwa mtumbwi uliofungwa kamba za mitambaa ya msituni. Kamba zikakatika. Wote watatu wakapata kukanyaga kisiwa cha mawe katikati ya maji, wakalala hapo usiku kucha, na kesho yake wakavutwa salama. Stanley aliandika kwamba katika safari ile Uledi aliwaokoa watu 13 wasife maji.

Lakini hata Uledi alishindwa mara moja. Juni 3, 1877, karibu na maporomoko ya Massassa, Frank Pocock, kijana Mwingereza, naye mtoto wa mvuvi, hakuweza kwenda kwa miguu kwa sababu ya vidonda. Akataka kupita kwa mtumbwi. Uledi aliyakagua maji akasema hayapitiki. Pocock akawaita waoga. Wakapita, na yule kijana akafa maji pamoja na wengine wawili. Tumelisoma jambo hili mara nyingi tukaona kwamba aliyejua maji alinyamazishwa na neno moja la dharau.

Msomaji atasema: hayo yote ni ya huko chini, mbali na sisi. Basi turudi nyumbani.

Watu wa Lualaba ya juu wana mitumbwi tangu zamani mno. Waluba husema bwato, Wabemba husema ubwato, na kafi Wabemba huliita inkafi. Ni maneno ya kibantu, hayakuletwa na msafara wowote. Mwaka 1957 wachimbuzi walifukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu vizuri, vyuma, na mapambo na misalaba ya shaba, ya watu walioishi huko karne nyingi zilizopita. Kisale haina shaba. Shaba ilitoka upande wetu wa kusini. Na nchi ile ya maziwa, mabwawa na mafunjo haikaliki bila mtumbwi.

Mtumbwi wa maji hayo ni mwembamba na mrefu. Mtu husimama nyuma na kuusukuma kwa upondo, hupita kati ya mafunjo mahali ambapo hata mkono ukinyoshwa hukwaruzwa. Mweke huyo mbawa mbili, hatakwenda hatua kumi. Mtoni pia, adui si wimbi la upepo bali mkondo na jiwe. Mbawa ikigusa jiwe chombo chote huzunguka. Kwa hiyo tusiwalaumu wazee wetu. Walikuwa na chombo kilichofaa maji yao, na maji yao hayakuwa bahari.

Hata wageni walifundishwa na maji haya. Mbelgiji Alexandre Delcommune alifika Bunkeya Oktoba 1891, kisha akaenda kusini mpaka Lualaba, akachongesha mitumbwi ili ashuke nayo. Nchi ilikuwa na njaa, na watu wake wengi walikufa. Walipoteremka wakafika Nzilo, mahali mto unapoingia kati ya kuta za mawe na kuanguka zaidi ya mita 400 katika mwendo wa kilometa 70 hivi. Mitumbwi iliyogharimu kazi yote ile ikaachwa, watu wakaenda kwa miguu. Jina lake lilipewa maporomoko yale, na baadaye bwawa.

Bwawa hilo lilimalizika mwaka 1952, ili litoe umeme wa migodi, na juu yake maji yakafunika mabonde. Ndilo ziwa la Nzilo. Mto uligeuka ziwa, lakini mtumbwi haukugeuka. Tangu hapo wavuvi wetu wana maji mapana ambayo upepo waweza kuyakimbilia mbali na kuyainua mawimbi, hasa mvua za kwanza zinapokaribia na dhoruba kutokea ghafula alasiri. Nao huyavuka katika gogo la mtoni, au katika mashua ya mbao iliyopigwa misumari kwa umbo lilelile. Hii ndiyo sababu mdogo wake dereva alizama. Chombo chake hakikuwa kibaya. Kilitengenezwa kwa maji mengine, ambayo yako chini ya ziwa.

Mwezi uliopita tulifuatana na dereva mpaka Nzilo, tukamwonyesha picha yule mzee tuliyemtaja. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

“Mbawa hizi zitakamata nyavu,” akasema.

“Ndiyo, Papa,” dereva akajibu, “lakini wale nao wana nyavu.”

Mzee akanyamaza. Kisha akauliza ubao una urefu gani, na umefungwa umbali gani kutoka kwenye gogo, na kama ni kamba au msumari. Hatukuweza kumjibu hata moja, maana picha haipimi. Akamrudishia dereva simu yake, akachukua kipande cha uzi wa nyavu, akakipima kwa mkono wake tangu kidole hata kiwiko, akakikata, akampa.

“Ukienda tena,” akamwambia, “pima kwa hiki. Funga fundo kila mahali.”

Dereva aliondoka Alhamisi na shehena ya shaba. Uzi ule ameufunga kwenye kioo cha lori.